Kwa Nini Walipanga Nyumba Yao

Wiki tatu zilizopita nilizungumzia nyumba za upataji nafuu, zile ambazo vijana wetu wanaziita soba. Nilieleza jinsi zilivyoanza Zanzibar mwaka 2009, na jinsi mojawapo ilivyopewa jina la Detroit kwa ajili ya ndugu wa mji huo wa Marekani waliosaidia kuianzisha. Katika kupitapita nikadokeza kwamba huko Marekani zipo hata nyumba za namna hiyo zilizowekwa mahsusi kwa wanaume wanaopenda wanaume wenzao, na kwa wale wanaopenda wanaume na wanawake pia. Sentensi moja tu, kisha nikaendelea na yangu. Ujumbe uliomiminika hapa studio ulikuwa mwingi kuliko ule wa kipindi cha bei ya sukari.

Sehemu kubwa ya ujumbe huo sitaisoma hapa. Watoto nao wanasikiliza redio. Lakini msikilizaji mmoja wa Tanga aliuliza swali ambalo nimelala nalo na kuamka nalo. Aliandika hivi: "Nyumba ya walevi naielewa. Nyumba ya walevi mashoga ni ya nini? Kwani pombe inachagua?"

Bwana wa Tanga, umeuliza vizuri. Pombe haichagui. Unga nao hauchagui. Swali lako lingeishia hapo kama kuacha kungekuwa kazi ya mwili peke yake, yaani mtu atetemeke siku kadhaa, arosto imtese, atapike, atoke jasho, kisha aamke mzima. Yeyote aliyeuguza mraibu nyumbani anajua kwamba hizo siku kadhaa ni mlango tu. Shughuli yenyewe inaanza mtu akishapata nguvu za kukaa kitako, na shughuli hiyo hufanywa kwa mdomo. Kwa hiyo leo naomba nianzie mbali, kwenye historia ya mdomo huo.

Mwaka 1935, katika mji wa Akron, jimbo la Ohio, walikutana watu wawili walioharibiwa na pombe. Mmoja alikuwa Bill Wilson, mtu wa biashara ya hisa kutoka New York. Wa pili alikuwa Bob Smith, daktari wa upasuaji ambaye mikono yake ilianza kutetemeka kazini. Waligundua jambo ambalo madaktari wa wakati ule hawakulipa uzito: mlevi anayeongea na mlevi mwenziwe bila kuficha kitu hupata saa kadhaa za kutokunywa, na saa zikiunganishwa huwa siku. Kutokana na mazungumzo yale kikazaliwa chama cha Alcoholics Anonymous, yaani walevi wasiotajana majina. Dawa yao haikuwa kidonge wala sindano. Ilikuwa ni mtu kusimama mbele ya wenzake na kueleza alivyoishi, alivyoumiza watu, na alichokuwa akikikimbia.

Chama kikiwa bado kichanga, katika mwaka wake wa pili hivi, alifika mtu mlangoni akasema yeye ni mlevi, lakini ana jambo jingine ambalo watu hulionea aibu kuliko ulevi. Alikuwa mwanamume anayependa wanaume. Wakubwa wa kikundi walikaa wakabishana. Bill Wilson alikuja kusimulia baadaye kwamba Daktari Bob alikata shauri kwa kuwauliza wenzake Bwana wao angefanya nini kama angekuwa pale. Mtu yule akapokelewa. Visa kama hicho ndivyo vilivyozaa kanuni yao ya tatu, kwamba sharti la kuwa mwanachama ni moja tu, nalo ni nia ya kuacha pombe.

Basi mlango ulifunguliwa. Ila kumfungulia mtu mlango ni jambo moja, na kumsikiliza akishaketi ni jingine. Hapa naomba niiache Marekani kidogo nirudi hapa kwetu, maana jambo lenyewe nililielewa hapa hapa, kutoka kwa mtu niliyefanya naye kazi.

Alikuwa fundi mitambo. Kwa miaka mingi sauti yangu ilikuwa mikononi mwake. Mimi nakohoa, yeye anashusha. Kisha akaanza kubwia unga. Tulimfichia makosa kazini mpaka hayakufichika. Ndugu zake wakachanga, wakampeleka kwenye nyumba moja ya upataji nafuu ambayo sitaitaja. Alikaa siku kumi na tisa, akatoka, akarudi maskani kwa mateja wenzake. Sote tulisema amekosa nia. Mimi nilikuwa wa kwanza kusema.

Miaka kadhaa baadaye alinieleza ilivyokuwa, na ameniruhusu niseme hewani bila kumtaja jina. Katika nyumba ile, kila jioni mmoja alisimulia maisha yake. Zamu yake ilipofika alisimulia kweli tupu. Alikuwa na mpenzi waliyeishi naye miaka minne. Mpenzi akafariki, na yeye hakuweza kukaa matangani wala kupewa pole kwa sababu hakuna aliyejua walikuwa nani kwa nani. Unga ukaanzia hapo. Alieleza yote hayo kwa Kiswahili safi. Na Kiswahili chetu, wasikilizaji, kina sitara yake. Unasema "alikuja", "akaugua", "nilimpenda", "akaniacha", na hakuna ajuaye kama ni mwanamume au mwanamke. Fundi wangu aliishi ndani ya herufi hiyo moja, a, kwa jioni tatu nzima. Wenzake walilia naye.

Jioni ya nne mmoja wao, kwa upendo kabisa, akamwuliza: "Marehemu shemeji yetu aliitwa nani?" Akataja jina la kike. Akaniambia: "Hapo nilikuwa nimekwisha. Kuanzia jina lile kila nililosema lilikuwa uongo, na uongo ndio uliokuwa unanipeleka kwenye unga." Baada ya siku chache aliruka ukuta.

Sasa fikirini mtu huyo huyo akiwa Marekani. Kiingereza hakina sitara ile. Sentensi ya kwanza kabisa inamdai aseme mpenzi wake ni mume au mke. Fundi wetu alipata jioni tatu za kweli kabla ya kulazimika kudanganya, ilhali Mmarekani alilazimika kuchagua kabla ya kumaliza pumzi ya kwanza. Ama adanganye, ama aseme kweli na kusubiri yatakayomfika.

Na yangemfika nini? Mwezi Aprili 1953 Rais Eisenhower alitia saini amri namba 10450 kuhusu watumishi wa serikali kuu. Ndani ya amri hiyo kuna kifungu kinachoorodhesha mambo ya kuchunguzwa ili mtu aonekane hafai kuajiriwa. Kifungu kimoja kimeweka pamoja, mstari kwa mstari, ulevi wa kupindukia, uraibu wa dawa za kulevya, na kile walichokiita upotovu wa kijinsia. Maelfu walipoteza kazi. Mtu aliyekuwa mlevi na pia akipenda wanaume alikuwa amekamatwa na kifungu kile mara mbili. Karibu majimbo yote yaliuhesabu uhusiano huo kuwa jinai. Illinois ndiyo iliyotangulia kuiondoa sheria hiyo, mwaka 1961, na California ikaiondoa mwaka 1975. Kwa madaktari nako hakukuwa na kimbilio. Hadi Desemba 1973 chama cha madaktari wa akili cha Marekani kiliihesabu hali hiyo kuwa ugonjwa. Mlevi wa namna hii akienda kutibiwa pombe aliweza kujikuta anatibiwa kitu kingine, na pombe ikabaki pale pale.

Je, palikuwa na mahali ambapo mtu kama huyo angeweza kusema kweli? Palikuwapo. Baa.

Hili ndilo jambo ambalo ningependa Bwana wa Tanga alishike. Katika miji ya Marekani, kuanzia miaka ya 1930 hadi ya 1960, baa ndiyo iliyokuwa barza ya watu hawa. Wengi wao hawakuwa na klabu nyingine wala ofisi, na nyumbani kwao hawakujulikana. Baa nazo hazikuwa salama. Mwaka 1951 Mahakama Kuu ya California ilibidi iamue, katika kesi ya baa ya Black Cat ya San Francisco, kwamba haitoshi kumnyang'anya mtu leseni kwa sababu tu wateja wake ni watu wa namna hiyo. Miaka minne baadaye bunge la jimbo likapitisha sheria ya kuwabana upya, na mahakama ikaitengua mwaka 1959. Huko New York, tarehe 21 Aprili 1966, wanaume wachache wa chama cha Mattachine walizunguka baa kwa baa wakiwa na waandishi wa habari, wakijitambulisha walivyo na kuagiza kinywaji, ili waone nani atakataa kuwauzia. Katika baa iitwayo Julius' wakakataliwa, na picha ikapigwa: mhudumu ameufunika mdomo wa bilauri kwa kiganja chake. Na machafuko ya Stonewall ya Juni 1969, ambayo wengi wanayahesabu kuwa mwanzo wa madai yao ya haki, yalianzia wapi? Baa.

Mtazame mtu aliyepigania miaka mingi haki ya kuuziwa bia, na kuipata haki hiyo ni ushindi mkubwa kwake. Halafu siku moja anagundua kwamba bia inamuua. Aende wapi? Akiacha baa, anaacha rafiki zake wote, mahali pekee anapoitwa kwa jina lake, na mara nyingi mtu pekee atakayemzika. Mlevi wa kawaida akiacha kilabu anarudi kwa mkewe, kanisani, msikitini, kwa wazee. Huyu akitoka baa anatokea barabarani.

Inasemwa mara nyingi kwamba watu hawa ni walevi kuliko wengine, na hapa pana tahadhari. Mwaka 1975 mtafiti Lillene Fifield alitoa ripoti huko Los Angeles iliyokadiria kwamba karibu theluthi moja yao walikuwa na tatizo la pombe. Takwimu ile ilisambaa kama moto wa nyika. Kasoro yake ni kwamba wengi waliohojiwa walikutwa baa. Ukitaka kujua watu wangapi wa Dar es Salaam wanakula chipsi, usiende kuwahesabia kwenye kibanda cha chipsi. Mwaka 1989 watafiti McKirnan na Peterson, waliowahoji zaidi ya watu 3,000 mjini Chicago, walikuta picha isiyo na makelele hayo: wanywaji wa kupindukia hawakuwa wengi kuliko kwa watu wengine, lakini madhara yaliyotokana na pombe yalikuwa mengi zaidi, na unywaji haukupungua kadiri umri ulivyosonga kama unavyopungua kwa wengine. Kwa kawaida kinachompunguzia mwanamume chupa akifika miaka thelathini na kitu ni ndoa, watoto, na mama mkwe anayekuja bila hodi. Hawa hawakuwa na mama mkwe.

Walianza na mkutano kabla ya nyumba. Mwaka 1968 walevi wachache wa San Francisco walifungua kikundi chao cha AA katika barabara ya Fell. Ndani ya chama chenyewe wapo waliolalamika kwamba vikundi vya watu maalumu vitakigawa chama. Mjadala ulikwenda hadi mkutano mkuu, na mwaka 1974 wajumbe wakakubali kwa kura nyingi kwamba vikundi hivyo viorodheshwe katika kitabu cha anwani kama vingine. Mkutano, hata hivyo, ni saa moja. Saa ishirini na tatu zinazobaki ndizo zenye kazi.

Hapo ndipo nyumba zilipoingia. Mwaka 1971 kulikuwa kumefunguliwa Los Angeles kituo cha huduma cha jamii hiyo, na waanzilishi wake, Morris Kight na Don Kilhefner wakiwamo, waliona mapema kwamba kijana aliyefukuzwa nyumbani hahitaji hotuba kabla ya kupata godoro. Mwaka 1973, mwaka ule ule madaktari wa akili walipofuta jina la ugonjwa, ikaanza Hollywood nyumba iitwayo Van Ness Recovery House, kwa waraibu wa jamii hiyo. Huko San Francisco likawapo Acceptance Place, chini ya shirika la Baker Places, nyumba iliyotengwa kwa wanaume wanaopenda wanaume na wanaopenda jinsia zote mbili. Na mwaka 1986 kilifunguliwa kituo kizima cha matibabu cha waraibu wa kundi hilo, Pride Institute, huko Eden Prairie, Minnesota.

Hebu niwaingize ndani. Msitarajie maajabu. Nyumba za namna hii ni vitanda viwili viwili chumbani, jiko moja, na ratiba ya zamu iliyobandikwa ukutani: nani anaosha vyombo, nani anapeleka takataka, nani anapika Jumapili. Anayekunywa au kutumia dawa anaondoka. Katika nyumba nyingi mapenzi baina ya wakazi ni marufuku. Sharti hili lina chimbuko lake. Nyumba za kawaida hutenganisha wanaume na wanawake ili mtu mwenye kidonda kibichi asikimbilie penzi badala ya kupona. Kwa hawa kutenganisha hakusaidii chochote, kwa hiyo wameweka kwa kanuni kile ambacho wengine wamekiweka kwa ukuta. Waliodhani nyumba hizo ni za anasa wangekaa wiki moja tu wangeomba kurudishwa kwao.

Na yule mwenye mke? Katika mjadala wa mambo haya huyu husahauliwa. Mwanamume mwenye mke na watoto, anayempenda mkewe kweli, na aliye na upande mwingine usiojulikana, yeye hujificha mara mbili. Akikaa na wanaume wa kawaida huficha upande mmoja. Akikaa na wale wengine huambiwa kwamba mke ni kisingizio. Neno "na wanaopenda jinsia zote mbili" kwenye ubao wa nyumba linaonekana kama nyongeza ya makarani. Kwake ndilo linalompa ruhusa ya kuweka picha ya watoto wake kando ya kitanda.

Sasa fedha, maana nyumba haisimami kwa huruma. Hapa wenye mchango mkubwa ni watu ambao hawakuwa na habari na suala hili hata kidogo. Mwaka 1975, huko Silver Spring, jimbo la Maryland, serikali ya wilaya iliamua kufunga nyumba moja ya walevi kwa kukosa fedha. Wanaume kumi na watatu waliokuwa wakiishi humo, mmoja wao mwanasheria aitwaye Paul Molloy, wakaamua kuipanga wenyewe. Wakaiita Oxford House. Masharti yao yaliandikika kwenye kipande cha karatasi: nyumba itajiendesha kwa kura, kila mtu atalipa sehemu yake ya kodi na gharama, na atakayerudia kunywa atafukuzwa. Hakuna mwangalizi wala mshahara wa mtu, na hakuna tarehe ya kuondoka. Lile la tarehe lilikuwa muhimu, kwa sababu nyumba za serikali zilimpa mtu miezi sita, na Molloy alikuwa ameona wenzake wengi wakitoka siku yao ilipofika na kurudi moja kwa moja kwenye chupa.

Mwaka 1988 Bunge la Marekani, katika sheria yake ya kupambana na dawa za kulevya, liliyataka majimbo yaweke mfuko wa mikopo: watu sita au zaidi waliokwisha acha walipate dola 4,000 za kuanzia nyumba, wazirejeshe ndani ya miaka miwili. Leo nyumba za Oxford zimepita 3,000. Mwaka 2006 Leonard Jason wa Chuo Kikuu cha DePaul na wenzake walitangaza matokeo ya utafiti wa watu 150 waliotoka matibabuni. Nusu walipelekwa nyumba za Oxford, nusu wakaachiwa utaratibu wa kawaida. Baada ya miaka miwili, waliorudia pombe au dawa katika kundi la nyumba walikuwa asilimia 31. Katika kundi la pili, asilimia 65. Sijui dawa ya hospitali ambayo ingeleta tofauti kama hiyo halafu ikakosa kutangazwa kwenye kurasa za mbele.

Hata hivyo kura ni msumeno, hukata mbele na nyuma. Katika nyumba za Oxford mgeni huingia kwa kura ya asilimia 80 ya wakazi. Katika nyumba ya watu kumi, watatu wasiokutaka wanatosha kukuacha nje. Kwa hiyo mfumo ule ule uliowapa walevi uwezo wa kujitawala uliwaonyesha pia mashoga kwamba kwenye nyumba za wengine watakuwa wageni wa kupigiwa kura, na kwamba ni afadhali wawe na zao.

Majirani nao hawakulala. Katika mji wa Edmonds, jimbo la Washington, wakuu wa mji waliishitaki nyumba ya Oxford yenye wakazi kati ya kumi na kumi na wawili. Kanuni ya mji ilisema mtaa ule ni wa familia, na familia ni watu wa damu, wa ndoa au wa kulea, hata wakiwa thelathini. Wasio na udugu wasizidi watano. Kesi ilipanda hadi Mahakama Kuu ya Marekani. Mwezi Mei 1995 majaji sita dhidi ya watatu, uamuzi ukiandikwa na Jaji Ruth Bader Ginsburg, walisema kwamba kanuni ya kueleza nani ni familia haiwezi kuukwepa mkono wa sheria ya haki ya makazi, ambayo tangu 1988 inawalinda pia watu walioacha dawa za kulevya. Haikuwa kesi ya mashoga. Lakini kila nyumba ya watu waliokataliwa na damu yao ilikuwa na hisa katika kesi ile.

Nimeuruka ukimwi makusudi, nao ndio ulioyabeba mengine yote. Tarehe 5 Juni 1981 ilitoka taarifa fupi ya kitabibu kuhusu vijana watano wa Los Angeles, na kuanzia hapo nyumba zilizoanzishwa ili mtu aache pombe zilipokea watu ambao hawakuwa na hakika ya kuishi mwaka. Mtu anaambiwa aache chupa ili aokoe maisha yake, naye anauliza: maisha gani? Sina jibu la swali hilo hata leo. Najua tu kwamba kuna walioacha, wakafa bila kulewa, na wenzao walilihesabu hilo kuwa kitu. Mwaka 1990 Bunge liliweka mpango wa makazi kwa wenye virusi, na baada ya mwaka 1996, mchanganyiko wa dawa mpya ulipopatikana, waliobaki wakaanza kuishi. Wengi waliishi wakiwa hawana rafiki hata mmoja wa ujana wao.

Kisha ukaja unga mwingine, wa viwandani, methamfetamini, ambao miaka ya 1990 uliwashika sana wanaume wa jamii hii katika miji ya California. Chama cha kuwasaidia walioathirika nao, Crystal Meth Anonymous, kilianzishwa eneo la Los Angeles mwaka 1994. Nitasema kwa adabu: kwa wengi wao dawa hii ilifungamana na chumba cha kulala, hata mtu asiweze kueleza alivyoteleza bila kueleza alikuwa na nani. Katika nyumba ambayo jambo hilo halitamkiki, mtu huyo hawezi kusema hata sentensi ya kwanza.

Sasa nikurudie, Bwana wa Tanga. Sheria ya nchi yetu kuhusu jambo hili unaijua, nami sikuja leo kuijadili. Wala sikusema tukajenge nyumba kama ya Hollywood. Uliuliza ni ya nini, nami nimejitahidi kukujibu. Nyumba zetu za soba zimeokoa vijana wengi, na nimewahi kukaa katika mikutano yao nikatoka na macho mekundu. Ila tangu fundi wangu anisimulie, kila nikisikia kijana ametoroka soba siku ya kumi na tisa, sisemi tena kwamba hakuwa na nia. Nauliza kwanza aliulizwa nini siku ya kumi na nane.

Yeye mwenyewe yupo. Tangu mwaka 2011, dawa ya methadoni ilipoanza kutolewa Muhimbili na baadaye katika kliniki nyingine, kumekuwa na njia ambayo haimtaki mtu asimulie maisha yake mbele ya wenzake kila jioni: unafika asubuhi, unakunywa dozi mbele ya mhudumu, unakwenda zako. Anaitumia kwa mwaka wa saba sasa. Nilimwuliza kama inatosha. Akasema kwa mwili inatosha. Kwa yale mengine huja nyumbani kwangu Jumapili mchana, tunakaa ukumbini, na mke wangu akishapeleka kahawa hufunga mlango wa jikoni. Humtaja yule marehemu kwa jina lake.